Randa Iliyopinda ya Kigwa

Mwanangu Skola,

Umetoka sasa hivi na baba yako kwenda Ipuli kuwaaga shangazi zako. Mimi nilisema nabaki nifunge kibanda mapema, na kweli nimekifunga, ila nimejifungia humo ndani. Nimesukuma tupa na matambara pembeni, nimeketi kwenye benchi la kazi, na karatasi hii tayari ina alama ya dole gumba langu lenye mafuta. Utanisamehe, nyingine haipo.

Habari za neti, za kuchemsha maji na za kutolala na simu chini ya mto, baba yako amekueleza wiki nzima na atakueleza tena kesho stendi mpaka dereva apige honi. Mimi nataka kukuandikia habari za vyuma. Najua unacheka. Umekulia katikati ya misumeno na randa za watu waliokwisha kufa, umefanya kazi zako za shule juu ya benchi hili hili, lakini hujawahi kuniuliza mambo haya yalianzaje. Ulipopata akili uliyakuta.

Nilikuwa mama lishe. Nilipikia hapa hapa Kanyenye, mkabala na uwanja wa Jumanne, mnunuzi wa chuma chakavu. Asubuhi moja shoka langu la kuni liling'oka mpini na maharage hayajashika moto. Nikamwomba Jumanne anipe chuma chochote cha kupasulia kuni. Akachomoa kwenye lundo lake kipande bapa, kimefunikwa kutu mwanzo mwisho, akasema, "Chukua hicho, dada, hakina kazi." Nikawa nakiweka juu ya gogo na kukigonga kwa jiwe, kuni zinapasuka, na watu wanakula.

Siku moja mchana wateja walikuwa wachache, mikono haikuwa na la kufanya, nikaanza kukisugua kile chuma kwenye sakafu ya saruji. Sikuwa na nia yoyote. Ikatokea herufi moja, halafu ya pili. Nikaendelea kusugua nione neno linaishia wapi, na wali ukaungua nyuma yangu. Lilikuwa neno la kigeni, jina la kiwanda bila shaka. Lakini chini yake mtu alikuwa amegonga herufi mbili kwa ncha ya msumari, zimekwenda upande upande: M.K. Huyo hakuwa wa kiwandani. Alikuwa mtu wa huku, aliyekaa chini akaweka alama kwenye patasi yake isije ikachukuliwa na mwenzake. Nilimuuliza Jumanne ilitoka wapi. Hakujua, kwake vyote huja kwa gunia. Niliwauliza maseremala, niliwauliza wazee waliostaafu reli. M.K. sijampata hadi leo, na sidhani kama nitampata. Ila tangu siku hiyo sikuweza tena kupita kwenye lundo la chuma bila kuinama.

Jioni ile niliinoa kwenye jiwe la kunolea visu vya jikoni, nikaijaribu kwenye mpini wa mwiko. Iliteleza juu ya ule mti, ikatoa utepe mwembamba kama ganda la kitunguu. Nilikaa nikiutazama ule utepe. Nilikuwa nimepasulia kuni kitu cha namna hiyo, na jiwe juu yake!

Usidhani baada ya hapo nilijua ninachofanya. Randa yangu ya kwanza niliipeleka kwa mchomeleaji anisafishie kisu chake kwenye mashine ya kusagia. Cheche zilikuwa nzuri, nikafurahi, na kisu kikageuka rangi ya bluu kwenye makali. Nikaona ni urembo. Kumbe chuma kikipata moto kiasi kile kinapoteza ugumu wake. Kilikunja makali kwenye mbao ya kwanza kama bati. Sasa unajua kwa nini nanoa kwa mkono na bakuli la maji pembeni, hata vijana wanaponicheka. Msumeno mmoja niliuloweka kwenye ukwaju kutoa kutu, nikaenda msibani Nzega nikausahau. Niliporudi kutu lilikuwa limetoka, na meno nayo yamekaribia kutoka. Mafuta ya alizeti nilipaka nikidhani mafuta ni mafuta, yakaganda kama gundi, randa ikawa inashika vumbi kuliko mbao. Nta ya nyuki nilikuja kuijua baadaye, na nilikuwa naiona sokoni kila siku ya Mungu. Hakuna aliyenificha. Sikuuliza tu, kwa sababu niliona aibu mwanamke wa maharage kuuliza maswali ya seremala.

Ile aibu ndiyo iliyoniharibia vitu vingi, Skola. Kutu halijaniharibia hivyo.

Kutafuta nilijifunza haraka zaidi. Vifaa vya zamani havikai mahali pa vifaa. Mwenyewe akishafariki, watoto hawajui kile ni nini, basi kinapewa kazi nyingine. Nimekuta patasi imekuwa kigingi cha mbuzi. Nimekuta keekee ya kutobolea mbao imekuwa ndoana ya kuning'inizia ndoo kisimani, na msumeno mzuri kabisa umekatwa ukawa kibati cha kukwangulia ukoko. Kwa hiyo nikiingia nyumba ya watu, baada ya salamu, macho yangu huenda kwenye vile vitu vizito vinavyozuia mlango usijifunge. Nachukua, napima uzito, nakigonga chuma kwa ukucha nisikilize. Chenye ufa hakilii vizuri. Kutu jekundu la unga halinitishi, hilo ni vumbi tu. Naogopa lile jeusi lililochimba vishimo karibu na makali, maana hapo utanoa mpaka chuma kiishe na vishimo bado vipo.

Ndivyo nilivyoipata ile ya Kigwa. Sehemu ya habari hii unaijua kwa kuwa ulikuwepo, lakini ulikuwa kidato cha tatu na kuna mambo sikukuambia.

Jumanne alikuwa anakwenda Kigwa kuchukua chuma, nikapanda naye. Kwenye nyumba moja karibu na reli, kijana mmoja aitwaye Shija alikuwa anauza mabati mabovu na baiskeli iliyokufa. Uani kulikuwa na tenga la vifaranga limefunikwa, na juu ya kifuniko, kama kizito, nikaona randa. Ilikuwa ya chuma chote, fupi na nene, na juu yake ina kifundo kikubwa cha kuzungusha kama cha bomba la maji. Nikaishika. Uso wake wa chini, ule unaopita juu ya mbao, ulikuwa umebinuka kama tumbo la mtungi.

"Hiyo imepinda, mama," Shija akasema. "Nibebee tu pamoja na mabati."

Nikainunua kwa bei ya mabati.

Niliipeleka kwa fundi Sadiki, seremala wa Ipuli. Aliigeuza geuza akasema ilikuwa kwenye moto, au gari la moshi liliikanyaga. Fundi mwenziwe akaleta nyundo. Alitaka kuilaza kwenye kipande cha reli ainyooshe kwa mapigo machache, na mimi nilikuwa nimeshakubali. Mkono wake ulikuwa umeshapanda. Ndipo wewe, uliyekuwa umekuja kunidai nauli ya shule, ukasema kwa sauti ndogo, "Mama, kama imepinda kwa bahati mbaya, mbona imepinda vizuri hivyo?"

Fundi akashusha nyundo. Sadiki akachukua rula akaipitisha. Mpindo ulikuwa sawasawa toka mbele mpaka nyuma. Gari la moshi halipindi kitu kwa adabu namna ile.

Tuliirudisha nyumbani. Unakumbuka kile kifundo kilivyogoma. Tulimimina mafuta ya taa, tukaongeza oili ya gari, tukafunga kitambaa cha moto, tukangoja, tukajaribu, tukangoja tena. Baba yako alisema tumechanganyikiwa. Siku kilipolegea ulikuwa wewe unakizungusha, na ule uso wa chini ukaanza kusogea. Lilikuwa bapa jembamba la chuma linalokubali kukunjwa. Ulizungusha, uso ukanyooka. Ukaendelea kuzungusha, nao ukaingia ndani kama kiganja. Ukapiga kelele jirani akaja mbio akidhani nyoka ameingia.

Tukawa na kitu kizima, na hatujui cha nini. Hizo ndizo wiki nilizozipenda kuliko zote tangu nianze kazi hii. Kila aliyepita kibandani alikuwa na lake. Sadiki alisema ni ya viti vya mgongo wa duara. Jumanne alisema mapipa. Mfuga nyuki mmoja aliapa ni ya mizinga. Wewe ulisema magurudumu. Ilikata kotekote, mbao iliyobonyea na mbao iliyotuna, na Sadiki, aliyekuwa na kazi ya viti vya nyumba ya wageni, akaniomba nisimpe mtu mwingine. Nikampa neno langu.

Hapo ningeweza kuishia. Lakini nilitaka kujua. Nikakuambia Jumamosi twende Kigwa tukaulize ilikuwa ikitengeneza nini, tukaiweka kwenye kikapu.

Shija hakuwepo. Alikuwepo bibi yake, Bibi Kalunde, ameketi kibarazani anachambua karanga. Tukamwamkia, akatuitikia na kutusalimu kwa Kinyamwezi, "Marahaba, mwangaluka, mayu," akatusogezea vigoda. Nikafunua kikapu. Nilitarajia atashangaa. Aliweka ungo chini polepole, akafuta mikono kwenye kanga.

"Hiyo ya mume wangu," akasema. "Kakupa nani?"

Nikamwambia niliuziwa na Shija, pamoja na mabati.

"Shija aliniambia imeibiwa."

Skola, wewe uliangalia miguu yako. Mimi nilikuwa nimeshahesabu moyoni njia zote za kutoka pale na randa yangu. Nilinunua kwa haki, mbele ya shahidi. Niliisafisha kwa mikono yangu. Fundi ananisubiri. Tena bila mimi ingekuwa juu ya kuku mpaka leo. Maneno hayo yote yalikuwa kweli, na nilikuwa nayo mdomoni. Kilichonizuia si wema. Nilizuiwa na lile swali lililonileta, maana nilijua nikianza kubishana naye hatanijibu. Nikasema tu, "Bibi, alikuwa anatengenezea nini?"

Akanyoosha kidole juu ya kichwa changu.

Nilikuwa nimeupita ule mlango mara mbili bila kuuona. Tundu la mlango kwenye ukuta lilikuwa na tao juu, matofali yamepangwa duara kwa ufundi mkubwa, lakini mlango wenyewe ulikuwa wa kawaida, wa pembe nne, na ile nusu duara iliyobaki juu yake ilikuwa imezibwa na bati lililopigiliwa misumari.

"Alikuwa fundi wa mbao reli," Bibi Kalunde akasema. "Alikuwa anachonga yale matao yanayobeba paa la mabehewa. Wakati anajenga nyumba hii nilimwambia nataka mlango kama ile ya zamani ya mjini, ya duara. Akacheka, akaniambia, 'Mke wangu, mimi kazi yangu ni duara.' Akajenga ukuta kwanza. Mbao akazikata. Akaumwa."

Akaingia ndani, tukasikia anavuta kitu uvunguni. Alitoka na vipande vitatu vya mninga, vimekatwa kwa msumeno kwa mpindo, bado vina alama za meno. Vilikuwa vimefungwa kwa gunia, na alipovifungua bado vilinukia. Nikaweka randa juu ya kimojawapo, nikazungusha kifundo mpaka uso ukalingana na mpindo, nikasukuma. Utepe ukatoka mwekundu, ukajikunja, ukaangukia miguuni kwake. Aliuokota akaunusa.

"Unaweza kumaliza?" akaniuliza.

"Mimi peke yangu siwezi, bibi. Mimi najua kufufua vifaa. Kuunga mbao kwa mbao sijui."

"Basi mlete anayejua."

Tuliiacha randa kwake siku ile. Njiani uliniuliza kama nimekasirika, nikakujibu hapana. Nilikuwa nimekasirika sana. Sikujua nimemkasirikia nani.

Ugomvi na Sadiki hukuuona. Alisema, "Mama Skola, mimi wateja wangu niwaambie nini? Neno lako lilikuwa nini sasa?" Nikamwambia neno langu lilikuwa juu ya kitu ambacho hakikuwa changu, na kwamba kama anataka kukishika tena kiko Kigwa, na kina kazi yake pale. Alikaa siku kadhaa hapiti kibandani. Halafu akaja akauliza vile vipande vya mninga vina unene gani. Fundi ni fundi. Alikuwa amelala akiviwaza.

Tulikwenda Jumamosi baada ya Jumamosi. Sadiki aliunga, mimi nilinoa, wewe ulishika rula na kusema hapana pale ambapo sisi wakubwa tulitaka kusema inatosha. Shija mwanzoni alijificha nyuma ya nyumba. Siku ya kung'oa bati, bibi yake akamwita mbele ya watu wote, tukadhani sasa anatukanwa. Akamwambia, "Uliuza mkono wa babu yako. Sasa panda ngazi, toa hilo bati." Akapanda. Alipong'oa msumari wa mwisho, jua likaingia ndani ya nyumba kwa umbo la nusu duara na kulala juu ya sakafu, na Bibi Kalunde akasimama ndani yake, akatuambia tungoje kidogo kabla ya kuziba. Tukangoja. Hata mafundi wenye haraka walingoja.

Taji la mninga, ile nusu duara ya juu ya mlango, lilipokaa, halikubaki hata nafasi ya kupitisha karatasi. Sadiki aliligonga kwa ngumi, akageuka upande akajifanya anatafuta nyundo.

Nilidhani, nakuambia ukweli, kwamba mwisho wa siku ile angenipa randa. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukataa kwa heshima, halafu nikubali. Hakunipa. Aliifuta, akaipaka nta niliyomletea, akaiweka kabatini. "Nitakaa nayo," akasema. "Atakayeihitaji aje aazime. Lakini aje mwenyewe, anieleze anatengeneza nini. Na akimaliza aje anionyeshe."

Ndivyo ilivyo hadi leo. Sadiki aliazima akatengeneza viti vyake, akachukua kimoja kwenye gari la mizigo mpaka Kigwa ili bibi akikalie. Wamekuja mafundi kutoka Nzega na Igunga. Wengine humwonyesha picha kwenye simu, naye hukuza picha kwa vidole viwili na kuuliza kwa nini umeweka msumari hapo. Shija ndiye anayeandaa vigoda vya wageni. Mimi nikienda kumsalimu, huniambia nani alikuja na alikuwa anatengeneza nini, na narudi nyumbani kichwa kimejaa. Hakuna kifaa nilichokipoteza kikanipa mengi namna ile. Lakini sitakudanganya, kila nikikiona kile kifundo mkono unanicheza.

Kwa nini nakuandikia yote haya? Mwenyewe sijui sana. Labda kwa sababu unakwenda Morogoro kusomea misitu, na watu wataanza kukuambia, kama wanavyoniambia mimi, kwamba kitu fulani kimepinda, au ni kibovu, au hakina kazi. Wengine watakuwa wanasema kweli. Mimi nimewahi kuwaamini waongo na kuwabishia wakweli, kwa hiyo sina kipimo cha kukupa. Nina lile swali lako tu, ulilolisema kwa sauti ndogo mkono wa fundi ukiwa juu. Liseme kwa sauti kubwa zaidi kidogo.

Na sasa nina swali langu kwako, maana zamu yako ya kujua inaanza. Mimi naijua mbao. Mti wenyewe siujui. Mninga nimeushika maisha yangu yote ukiwa umeshakatwa, lakini wanaoukata wananiambia ukipigwa shoka hutoa utomvu mwekundu kama damu, na kidonda chake hufunga kwa ile damu. Ni kweli? Unajitibu, au ni sisi tunaouonea huruma tukafikiri hivyo? Na ule wekundu wa utepe ndio wekundu wa damu yake, au ni mwingine? Na mti unajuaje kwamba umekatwa? Waulize walimu wako. Wakicheka, waulize tena.

Nasikia sauti ya baba yako njiani, na ya kwako, mnabishana juu ya uzito wa begi. Nakunja karatasi.

Ukipata jibu nipigie, hata kama ni mchana wa kazi. Nitakuwa hapa, mikono yote miwili na mafuta, lakini usikate. Nitaibonyeza simu kwa kiwiko.

Mama yako